Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mwalimu wa Kigeni, Jukwaa la Shule na Nafasi ya Kiswahili katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya ufundishaji wa sanaa za maonyesho katika shule za sekondari za Afrika Mashariki ambazo walimu wake walitoka, au bado wanatoka, nchi za mbali. Yanaanza na Shule ya Upili ya Alliance nchini Kenya katika miaka ya 1950, ambako mchezo wa Shakespeare wa kila mwaka ulikaa sambamba na tamthilia za Kiswahili zilizotungwa na wanafunzi wenyewe. Yanapitia Makerere na Dar es Salaam katika miaka ya 1960, kisha yanazitazama shule za kimataifa za leo. Hoja kuu ni kwamba ugeni wa mwalimu peke yake haukulizuia jukwaa la Kiswahili. Palipokuwa na mlango wazi, hata mgeni alisaidia kulijenga. Kilicholidhoofisha ni kukosa nafasi rasmi katika ratiba, katika mtihani na katika kumbukumbu za shule. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa taasisi za lugha na elimu za kanda.

1.0 Utangulizi

Mwalimu anayevuka bahari kwenda kufundisha maigizo katika shule ya sekondari huenda na mambo mawili: ufundi wa jukwaa na mrundo wa matini alizozizoea. Ufundi huo husafiri vizuri. Kupumua, kutoa sauti, kutembea mbele ya hadhira na kusikilizana na mwigizaji mwenza ni stadi ambazo kijana wa Moshi huzihitaji sawa na kijana wa London. Matini hazisafiri kwa wepesi huo. Zimefungamana na lugha, na lugha imefungamana na watu watakaokaa kwenye viti kutazama. Mzazi asiyekifahamu Kiingereza cha karne ya 16 atampigia mwanawe makofi kwa mapenzi, lakini hatacheka mahali pa kucheka.

Tatizo hili hujadiliwa leo kana kwamba lilizaliwa pamoja na shule za kimataifa. Kihistoria lina umri mkubwa zaidi. Shule za misheni na za serikali za kikoloni zilikuwa, kwa maana moja, shule za kimataifa za wakati wao: walimu wengi walikuwa wageni, mitihani ilitungwa ng'ambo au kwa kigezo cha ng'ambo, na wanafunzi walikusanywa kutoka jamii zisizoshiriki lugha ya mama. Tofauti ni kubwa pia, hasa katika karo na katika tabaka la wanafunzi, na makala haya hayakusudii kuifuta. Yanachoshikilia ni kwamba mahusiano ya kimsingi kati ya mwalimu mgeni, matini aliyoileta na lugha ya mahali yanafanana kiasi cha kutosha kwa historia ya shule moja kuwa somo kwa nyingine.

2.0 Alliance: jukwaa mbili katika shule moja

Shule ya Upili ya Alliance ilianzishwa mwaka 1926 huko Kikuyu na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1962 iliongozwa na Edward Carey Francis, mtaalamu wa hisabati kutoka Cambridge aliyefika Kenya mwaka 1928 na kufundisha kwanza Maseno. Chini ya uongozi wake mchezo wa Shakespeare wa kila mwaka ulikuwa tukio kubwa katika kalenda ya shule. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kuanzia 1955 hadi 1958, ameandika katika Decolonising the Mind (1986) kwamba katika miaka hiyo minne alitazama As You Like It, sehemu ya kwanza ya Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream.

Mwandishi huyohuyo anatukumbusha jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Katika miaka hiyohiyo wanafunzi wa Alliance walikuwa wakitunga na kuigiza tamthilia kwa Kiswahili. Henry Kuria alitunga Nakupenda, Lakini mwaka 1954. Kimani Nyoike akafuata na Maisha ni Nini mwaka 1955, Gerishon Ngugi na Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi mwaka 1956, kisha B. M. Kurutu na Atakiwa na Polisi mwaka 1957. Kazi ya Kuria ilichapishwa mwaka 1957, nayo huhesabiwa miongoni mwa tamthilia za mwanzo kabisa zilizoandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika na kufika kwenye kitabu. Kwa hiyo tawi zima la fasihi andishi ya Kiswahili lina mzizi wake mmojawapo katika ukumbi wa shule iliyosifika kwa Kiingereza chake.

Wakati wenyewe unaupa ukweli huu uzito. Mwaka 1952 kundi la uchunguzi lililojulikana kwa jina la Binns lilipendekeza Kiswahili kiondolewe shuleni kama lugha ya mawasiliano mapana nchini Kenya, isipokuwa katika maeneo ambako kilikuwa lugha ya mama. Oktoba mwaka huohuo Hali ya Hatari ilitangazwa. Sera ilikuwa ikikisukuma Kiswahili nje ya darasa, na serikali iliiogopa mikusanyiko ya Waafrika. Katika mazingira hayo wanafunzi walikichukua Kiswahili wakakipandisha jukwaani.

Kwa nini Kiswahili? Sababu ya kwanza ni ya kivitendo. Alliance ilikusanya vijana kutoka pande zote za koloni: Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakamba, Wataita na wengine. Hakuna lugha moja ya mama ambayo ingewafaa wote, na Kiingereza kilikuwa lugha ya mtihani na adhabu. Kiswahili kilikuwa lugha waliyoweza kutaniana kwayo. Sababu ya pili ni hadhira. Mchezo wa Shakespeare uliwalenga walimu, wageni waalikwa na wanafunzi wenyewe. Mchezo wa Kiswahili uliweza kutoka nje ya lango la shule, na ulitoka: Ngũgĩ anaeleza kwamba maonyesho hayo yalifika hadi Nakuru, katikati ya eneo la walowezi. Sababu ya tatu inaonekana katika majina ya tamthilia zenyewe. Mapenzi yenye “lakini”, swali kuhusu maana ya maisha, hofu ya kulogwa, mtu anayetafutwa na polisi: hayo ndiyo mambo yaliyozungumzwa garini, sokoni na katika vyumba vya kupanga vya mjini. Mwaka 1957 hapakuwa na mtazamaji Mwafrika wa Nakuru aliyehitaji kufafanuliwa maana ya kutakiwa na polisi.

3.0 Mgeni aliyeandika kwa lugha ya mwenyeji

Ingekuwa rahisi kuisimulia historia hii kama ugomvi kati ya mwalimu Mwingereza mwenye Shakespeare na mwanafunzi Mwafrika mwenye Kiswahili. Ushahidi hauruhusu wepesi huo. Katika miaka hiyo serikali ya kikoloni ilikuwa na afisa wa muziki na maigizo, Graham Hyslop, ambaye baadaye aliongoza kundi lililotunga wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963. Hyslop, Mwingereza, alitunga mwenyewe michezo ya kuigiza kwa Kiswahili, ikiwamo Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, yote miwili ikichapishwa mwaka 1957.

Wahakiki wa baadaye wamekuwa na haki ya kuikosoa michezo ya kipindi hiki. Umbo lake ni la vichekesho vya Ulaya: chumba kimoja, mlango mmoja, watu wanaoingia na kutoka, na fundo linalofunguliwa mwishoni. Ngoma, ngano, majigambo na utendi havikupewa nafasi kama misingi ya utunzi. Siasa kali ya wakati ule haikuguswa waziwazi. Hata hivyo, ukosoaji huo hauna budi kutenganishwa na suala la lugha. Hyslop alileta umbo la kigeni, lakini alikubali kulivika lugha ya watazamaji, na kwa kufanya hivyo alionyesha kwamba afisa mgeni hakulazimika kuifanya lugha yake kuwa mpaka wa jukwaa. Methali isemayo “mgeni njoo, mwenyeji apone” inamsadifu kwa kiasi hicho, wala si zaidi.

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kuwashughulisha watunga sera. Historia za tamthilia ya Kiswahili huzitaja kazi hizi za Alliance, kisha husafiri hadi Dar es Salaam. Mchezo wa Shakespeare ulikuwa na mihimili: kitabu kilikuwa katika silabasi, siku ya onyesho ilikuwa katika kalenda, na kila mwalimu mpya aliukuta utaratibu ukimngoja. Tamthilia ya Kiswahili ilitegemea mwanafunzi mwenye kipaji na kibali cha mwaka husika. Mwanafunzi alipohitimu, aliondoka na jukwaa lake. Tamasha la Maigizo la Shule nchini Kenya lilipoanza mwaka 1959, katika miaka yake ya mwanzo lilitawaliwa na Kiingereza na shule za Wazungu. Ilihitajika mabadiliko ya uongozi na ya sera, yaliyochukua muda mrefu baada ya uhuru, kabla ya tamasha hilo kuwa la shule za Waafrika na la lugha mbalimbali.

4.0 Makerere na Dar es Salaam: njia mbili za kulifungua jukwaa

Miaka ya 1960 ilitoa majaribio mawili yanayofaa kuwekwa kando ya mfano wa Alliance. La kwanza ni Jumba Huru la Maonyesho la Kusafiri la Makerere, lililoanza mwaka 1965 chini ya mhadhiri Mwingereza David Cook na wanafunzi wake. Kundi hilo lilipeleka michezo mifupi mijini na vijijini, Uganda na Kenya, bila kutoza kiingilio, na michezo hiyo ilichezwa kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Cook, kama Hyslop, alikuwa mgeni. Alichokifanya ni kuuacha uchaguzi wa lugha utegemee mahali ambapo gari lingesimama. Hilo lilikuwa jambo kubwa hasa nchini Uganda, ambako Kiswahili kilikuwa kimepingwa rasmi na Kabaka Daudi Chwa katika miaka ya 1920, na ambako baadaye kilihusishwa mno na kambi za jeshi. Lugha iliyosikika katika amri ilisikika pia katika kicheko.

Jaribio la pili lilikuwa la tafsiri na utunzi nchini Tanzania. Mwalimu Julius Nyerere, aliyewahi kufundisha Tabora na Pugu, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Samuel Mushi alitafsiri Macbeth mwaka 1968 na The Tempest, kwa jina la Tufani, mwaka 1969. Tafsiri hizi zilivunja hoja kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mawazo mazito ya jukwaa. Pia zilimpa mwalimu wa shule, mgeni au mwenyeji, daraja: angeweza kuanza na matini aliyoijua na kuifikisha kwa wanafunzi katika lugha waliyoiishi.

Utunzi haukungoja tafsiri zimalizike. Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969, tamthilia ya Vita vya Maji Maji ambayo tangu hapo imesomwa katika shule nyingi za kanda. Penina Muhando alifuata na Hatia mwaka 1972, na kufikia Lina Ubani mwaka 1984 usimuliaji wa ngano ulikuwa umekuwa uti wa mgongo wa onyesho. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981. Kwa hiyo, ndani ya kizazi kimoja, Kiswahili kilipata vitu viwili ambavyo wanafunzi wa Alliance hawakuwa navyo: rafu ya matini na mahali pa kuandaa wasanii na walimu.

5.0 Shule ya kimataifa na mwalimu wa mkataba

Wakati huohuo aina nyingine ya shule ilikuwa ikiota mizizi. Shule ya Kimataifa ya Tanganyika ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na ya Moshi mwaka 1969. Nyuma ya shule za aina hii kulikuwa na kielelezo cha Geneva, ambako shule ya kimataifa ilianzishwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa, na ambako mfumo wa diploma ya kimataifa ya sekondari uliundwa rasmi mwaka 1968. Shule za Afrika Mashariki zilihitajika na watoto wa wanadiplomasia, madaktari na wataalamu wa miradi. Leo zinasomesha pia idadi kubwa ya watoto wa raia wenye uwezo.

Katika shule hizi sanaa za maonyesho ni somo kamili, lenye ratiba, chumba, mwalimu na mtihani. Kwa upande huo mwanafunzi wake amemzidi mwanafunzi wa shule ya kawaida, ambaye husoma tamthilia kama kitabu cha mtihani na anaweza kumaliza shule bila kuliona jukwaa la tamthilia hiyo. Pia mtaala wa diploma hiyo ya kimataifa unamtaka mwanafunzi achunguze utamaduni wa maonyesho asioujua na auoneshe kwa mwili wake, na ashirikiane na wenzake kubuni onyesho jipya. Kwa maandishi, mlango uko wazi kuliko ulivyowahi kuwa Alliance.

Kwa vitendo mlango huo una kizingiti. Kwanza, Kiswahili hufundishwa katika shule hizi kama somo la lugha, mara nyingi kwa wanaoanza, huku sanaa za maonyesho zikifundishwa kwa Kiingereza. Vyumba viwili vya darasa vinaweza kutazamana miaka kumi bila kubisha hodi. Pili, mwalimu wa kigeni huajiriwa kwa mkataba, na mkataba wa awali wa miaka 2 ni jambo la kawaida. Mwaka wa kwanza hujifunza mji. Wa pili huanza kuwafahamu wasanii. Kisha huondoka, na anayemfuata huanza upya. Tatu, utamaduni “usiojulikana” huwa rahisi kutafutwa mahali penye vitabu vingi vya Kiingereza, kama vile maonyesho ya Japani au ya India, kuliko katika kijiji kilicho kilomita tano kutoka shuleni, ambacho ngoma yake haijaandikwa katika lugha anayoisoma mwalimu.

Hapa historia ya Alliance inasema jambo la wazi. Kinachohamishwa kutoka mwalimu mmoja hadi mwingine ni kile kilichoandikwa katika utaratibu. Nia njema ya mtu mmoja, awe Hyslop, Cook au mwalimu kijana aliyefika juzi kutoka Chicago, huisha pamoja na tiketi yake ya kurudi nyumbani.

6.0 Kwa nini suala hili ni la kanda

Mazingira ya kisera yamebadilika upesi. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikikubali kama lugha yake rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa, na mwaka huohuo UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi haya yameipa lugha hadhi. Hadhi, hata hivyo, haileti mazoea, na katika miji kama Kampala na Kigali mazoea ndiyo yanayokosekana. Kijana anayekutana na Kiswahili katika orodha ya ngeli tu atakipita katika mtihani na kukiacha mlangoni. Aliyewahi kumcheza mtu mwongo, mama mwenye hasira au karani mvivu kwa Kiswahili mbele ya watu mia mbili amekwisha kukitumia kwa haja yake mwenyewe.

Shule za kimataifa ni chache, lakini athari yake haipimwi kwa idadi. Wahitimu wake wengi wa ndani hurudi kuwa mawakili, wenye kampuni, washauri wa serikali na wazazi wanaochagua lugha ya nyumbani. Kanda inayotangaza Kiswahili kuwa lugha yake haiwezi kuridhika kwamba kundi hili limejifunza kulipenda jukwaa katika lugha moja tu.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na vyama vya wataalamu, iandae mkusanyiko wa tamthilia za Kiswahili zinazofaa kuigizwa na vijana, pamoja na maelezo ya uelekezaji, muda wa onyesho, idadi ya wahusika na utaratibu wa kupata idhini ya waandishi. Mwalimu mgeni haepuki Kiswahili kwa dharau kila mara. Mara nyingi hana kitu cha kushika mkononi.

Pili, istilahi za jukwaa zisanifishwe. Anayeitwa mwelekezi Nairobi huitwa mwongozaji Dar es Salaam. Tofauti ya aina hii inavumilika katika maongezi, lakini humkwaza mwanafunzi anayetaka kuandika uchambuzi wa onyesho kwa Kiswahili.

Tatu, wizara za elimu, zinaposajili na kukagua shule za kimataifa, ziulize swali moja la ziada: katika mwaka uliopita, ni onyesho gani la wanafunzi lililochezwa kwa Kiswahili? Swali likiulizwa kila mwaka huwa utaratibu, na utaratibu hubaki mwalimu akiondoka.

Nne, kila mwalimu wa kigeni wa sanaa za maonyesho aunganishwe kikazi na msanii au mhitimu wa taasisi za ndani, kama Bagamoyo na vyuo vikuu vya kanda, kwa malipo halali na kwa jina lake kuandikwa katika ratiba ya somo. Msanii huyo asiitwe siku ya sherehe tu kupiga ngoma.

Tano, shule zihifadhi mswada, picha na orodha ya waigizaji wa kila onyesho. Tunazijua tamthilia za Alliance kwa sababu zilichapwa na kwa sababu mmoja wa watazamaji wake alikuja kuwa mwandishi mkubwa. Ni maonyesho mangapi ya Kiswahili katika shule nyingine za kanda ambayo hayakuwa na bahati hiyo?

8.0 Hitimisho

Historia iliyopitiwa haimhukumu mwalimu mgeni kwa ugeni wake, wala haimsafishi. Inaonyesha kwamba katika miaka ya 1950 wanafunzi waliokusanywa kutoka lugha nyingi walijichagulia Kiswahili kwa ajili ya jukwaa lao, sera ya wakati huo ikiwa dhidi yao. Kwamba baadhi ya wageni walilitambua chaguo hilo na kulisaidia. Na kwamba chaguo hilo lilififia shuleni kwa kukosa mahali rasmi pa kukaa. Leo sera iko upande wa Kiswahili, matini zipo na wasanii wapo. Linalosalia ni kazi ya kiutawala isiyo na mbwembwe: kuliweka jukwaa la Kiswahili ndani ya ratiba, ili mwalimu atakayewasili Januari ijayo alikute tayari, ajifunze kwalo, na aliache palepale atakapoondoka.